Tawi la Njia Panda

Kwaru. Kwaru. Kwaru.

Koplo Dionisia alifumbua macho gizani akasikiliza. Sauti ilitoka uani, chini ya dirisha la chumba alichopewa kulala: chuma juu ya jiwe, polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto mchanga. Mara ilikoma, matone ya maji yakadondoka, kisha ikaanza tena. Mtu alikuwa ananoa panga. Na mtu anayenoa panga kabla jogoo hajawika, katika nyumba yenye msiba, haendi shamba.

Alijifunga kitenge juu ya gauni akatoka. Felisian, mtoto wa kwanza wa marehemu, alikuwa amechuchumaa kando ya jiwe la kunolea na kikombe cha maji mguuni. Alimsalimia afande vizuri tu, akamuuliza kama mbu walimsumbua, kama vile mkononi hakushika kitu. Alipoulizwa panga lile ni la kazi gani, hakuficha. Alasiri ya siku hiyo gari la polisi lingemtoa Lukman katika mahabusu ya Ruangwa kumpeleka Lindi. Kuna korongo ambalo gari lolote, hata la Serikali, lazima litambae. Yeye na wenzake wangekuwa pale.

"Na kama si yeye?" Dionisia aliuliza.

"Shimo ni la nani?"

"La Lukman."

"Nani alimwambia baba kwamba iko siku ataanguka humo?"

"Lukman."

"Basi kazi yako umeshaimaliza, afande. Rudi ukalale." Akapima makali kwa kidole gumba, akamwagia jiwe maji.

Dionisia hakurudi kulala. Alikaa kwenye kizingiti akapanga upya kichwani yale aliyoyajua.

Marehemu, Mzee Ildefonsi, alikuwa katekista mstaafu. Baada ya kustaafu alijitwisha kazi moja: kuitembea upya kwa miguu njia ambayo makatekista wa kwanza waliipita kutoka misheni ya Nachingwea hadi Mandawa, kabla barabara haijachongwa. Hakuna mkulima anayeweza kuacha shamba wiki nzima, kwa hiyo aliigawa njia vipande. Kila mwaka, ufuta ukishavunwa na korosho hazijaanza kudondoka, waumini waliotaka walitembea kipande kimoja, wakasimika msalaba wa mti pale walipoishia. Mwaka uliofuata walianzia kwenye msalaba uleule, si hatua moja mbele. Hivyo ndivyo walivyofika Ruangwa, hivyo ndivyo walivyofika Nandagala. Mwaka huu wa 2004 kilibaki kipande cha mwisho tu, Nandagala hadi Mandawa. Mzee alitembea saa moja ya kipande hicho, kabla ya mapambazuko, akatumbukia katika shimo la wachimba mawe ya vito lililofichwa na nyasi.

Shimo lilikuwa la Lukman, mnunuzi wa mawe aliyekuja kutoka mikoa ya kaskazini. Mzee alikuwa amemkemea mbele ya watu kwa kuchimba karibu na njia ya msafara na kuacha wazi, na Lukman, mtu wa mdomo, akamjibu vile alivyojibu. Tena siku moja kabla ya ajali alionekana aking'oa miti ya uzio wa shimo, na nyayo za mabuti yake zilikuwa ukingoni. Duka lake lilichomwa moto jioni ya siku ya ajali. Inspekta Abdalah, mkuu wa upelelezi, hakuamini sana kwamba Lukman ameua, lakini mahabusu ya Ruangwa ilikuwa chumba kimoja cha bati na mawe yalishaanza kutua juu yake. Kumweka Lukman pale ni kumuua, na kumsafirisha ni kumpitisha kwenye korongo. Hapo kilitakiwa kitu kimoja tu: jina la mtu mwingine, lenye ushahidi, kabla ya alasiri.

Kulipopambazuka Dionisia alimchukua Konstebo Fidelis, aliyemleta kwa pikipiki ya kituo, pamoja na Jastin na Makrina. Jastin alikuwa kijana aliyetangulia msafara siku ile. Makrina alikuwa mke wa Felisian, naye alitembea siku ile. Njiani Jastin alisema mno. Alisema kwamba yeye yuko poa, hana cha kuficha, kwamba mzee alikuwa kama babu yake, kwamba watu wa Ruangwa mjini wanamsema tu. Fidelis akamwambia kwamba mtu aliye poa huwa hatoki jasho asubuhi ya Agosti.

Polisi wote waliotangulia walikwenda moja kwa moja shimoni. Dionisia alisimama kabla ya hapo, kwenye njia panda. Njia ya kulia ilikuwa nyembamba ikipenya kichaka. Ya kushoto ilikuwa pana, safi, ikivutia mguu. Wachimbaji ndio walioipanua. Mita kadhaa mbele ilikuwa na shimo.

"Mzee alipita hapa mara ngapi maishani mwake?" aliuliza.

Makrina alijibu kwamba hesabu yake hakuna aijuaye, ila macho ya mzee yalikuwa na ukungu na siku hizi alitegemea fimbo yake na waliomtangulia.

"Waliomtangulia walimsaidiaje?"

Jastin alimtazama kama anayeulizwa maji huchotwaje. Alieleza kwamba anayetangulia akifika penye njia panda huvunja tawi bichi na kulilaza kwenye mdomo wa njia isiyopitwa. Wanaofuata wakiona tawi, wanajua huko kumefungwa. Na anayefunga msafara huliokota na kulitupa pembeni, ili mgeni asiye na habari asije akapotezwa. Ndivyo watu wa huku walivyotembea tangu zamani, na mzee alikuwa mkali juu ya jambo hilo kuliko hata rozari. Mwenyewe ndiye aliyefunga msafara kila mwaka.

"Siku ile ulifunga wapi?"

"Kushoto, afande."

"Nionyeshe. Tawi la nini?"

Jastin alikwenda kwenye mtopetope uliokuwa ukingoni, akaonyesha kikonyo kilichovunjika, akavunja tawi jingine kando yake na kulilaza kwenye mdomo wa njia ya shimoni. Mkono wake haukusita. Dionisia akamwomba Fidelis aanze kutafuta upande wa kushoto, katika nyasi ambamo mzee angelitupa tawi lile la kwanza. Fidelis alitafuta hadi magoti yakawa mekundu kwa vumbi. Hakukuwa na kitu.

Dionisia mwenyewe alitafuta upande wa kulia. Haikumchukua muda. Tawi la mtopetope lilikuwa limetupwa juu ya nyasi, majani yamejikunja na kukauka. Alilichukua akalipachika kwenye kile kikonyo cha zamani, nalo likakaa sawasawa kama kifuniko na sufuria yake.

Jastin alichuchumaa chini. "Nilifunga kushoto," alisema. "Haki ya Mungu, dada, nilifunga kushoto."

"Najua. Ungefunga kulia, wote waliokufuata wangekuwa shimoni." Dionisia aliliweka tawi juu ya gazeti. "Mlipita wote mkaliona kushoto. Mzee alipofika alilikuta kulia. Akaamini, akaliokota, akalitupa kama alivyowafundisha, akageukia kushoto. Kuna mtu alilihamisha baada ya nyinyi kupita na kabla yeye hajafika."

Fidelis alisema basi ni Lukman, alijificha kichakani akasubiri. Dionisia alikuwa ameliwaza hilo. Ndiyo sababu hakuwa amewaita waje upande wa kulia, wasikanyage alichokiona huko. Sasa aliwaita.

Pale njia nyembamba inapoanza, kando yake palikuwa na kichaka kilichofunikwa na upupu, maganda yake yamekauka na kuwa na rangi ya kahawia, yakingoja kuguswa tu. Katikati ya upupu huo palikuwa na upenyo. Mtu alipita mle. Maganda yalikuwa yamepukutika chini, vijiti vimekatika kwa usawa wa mapaja, na upenyo wenyewe uliacha njia kabla tu ya mahali palipolazwa tawi, ukapazunguka, ukarudi njiani hatua chache mbele.

Fidelis alisogea kutazama, akarudi nyuma haraka akijikuna shingo. "Huyu ni kichaa," alisema. "Anaacha njia nyeupe anaoga upupu."

"Lukman angefanyaje?"

"Angeliruka tu tawi. Ana mabuti, ana suruali ya jinzi. Na angekuwa anarudi zake Ruangwa, siyo kwenda mbele."

"Mtu aliyelihamisha tawi alikuwa anaendelea na safari," Dionisia alisema. "Kwa hiyo tawi likawa mbele yake mwenyewe. Na hakuliruka." Alimgeukia Makrina. "Mama yangu alinikanya mambo mengi. Wewe wako alikukanya nini kuhusu tawi la njia?"

Makrina alikuwa ameshaanza kulia, bila sauti. Ilibidi aulizwe mara mbili. Alisema ni mambo ya wanawake, ya kizamani, wengine siku hizi hata hawayajui. Tawi lililofunga njia haliwezi kurukwa na mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni. Ukiliruka, umemfungia mtoto wako njia ya kukua. Utaliondoa, au utalizunguka, hata kama pembeni kuna miiba.

"Katika msafara wenu ni nani alibeba mtoto?"

Makrina alifuta macho kwa kiganja.

"Alikuwa mmoja tu," Makrina alisema. "Scola, wa Nachingwea. Mama Felomena. Mtoto alikuwa na usingizi. Alituambia tutangulie, anamfunga vizuri."

Kilichobaki Makrina alikisimulia akiwa ameketi chini, akichora ardhi kwa kijiti. Scola alikuwa na watoto wawili wa kike. Mkubwa, Teddy, alikuwa naye kwenye kipande cha Nachingwea hadi Ruangwa, miaka ya nyuma. Walipofika katikati mtoto akapandwa na homa kali. Scola aliomba warudi hospitali ya misheni. Mzee alisema mbele ni karibu kuliko nyuma, na zaidi ya hapo kipande kikianzwa hakirudiwi, akaamuru watu wasali. Mtoto alifia njiani. Kwenye mazishi mzee alisema kwamba Teddy ametangulia kufika. Mwaka uliofuata, watu walipojiandikisha kwa kipande kingine, jina la Scola lilikuwa la kwanza, na wote wakasifu imani yake.

Dionisia aliwaagiza Fidelis na Jastin wakae palepale njia panda na mtu asisogee, wala neno lisifike kwa Felisian. Makrina alimshika mkono akamsihi asimtaje Scola mbele ya mumewe. "Unalijua panga lake," alisema, "huujui moyo wake."

Aliendesha pikipiki mwenyewe hadi Nachingwea. Jua lilikuwa utosini alipofika. Kituoni alipewa askari mmoja mtu mzima, Eustakio, akamwambia asizungumze chochote, asimame tu mlangoni.

Scola alikuwa uani kwake akipepeta ufuta. Ungo ulipanda na kushuka bila haraka, makapi yakaruka, punje zikabaki. Alimwona askari mlangoni, akamwona mwanamke aliyevaa sketi ya kaki, akaendelea hadi ungo ukawa safi, ndipo akasimama na kuwakaribisha. Binti wa miaka mitano hivi alikuja kusalimia, akasema shikamoo kwa kila mtu. Miguu yake, kuanzia magotini kushuka, ilikuwa na michubuko ya kujikuna iliyopakwa majivu.

Walikaa, Dionisia akajitaja jina na cheo. Scola aliyajibu yote vizuri. Ndiyo, alikuwapo. Ndiyo, alichelewa kidogo nyuma, mtoto alikuwa amelegea. Hapana, hakumwona Lukman. Aliona tawi kushoto kama wenzake, akapita kulia. Mzee alikuwa mbali nyuma. Mungu amlaze mahali pema.

Nguo zilikuwa zimeanikwa kwenye kamba. Lakini kanga moja, yenye mikunjo ya kubebea mtoto, ilikuwa peke yake kwenye ua wa mabua, mbali na nguo nyingine zote. Dionisia aliinuka, akaichukua, akaikunjua.

"Mbeleko nzuri. Mbona umeitenga?"

"Imechakaa. Nitaifanya dekio."

Dionisia aliishika huku wakiendelea kuzungumza juu ya bei ya ufuta. Kiganja kilianza kumchoma, kisha kifundo cha mkono, kisha mkono mzima hadi kiwiko. Alijizuia kujikuna. Scola aliutazama ule mkono kwa muda mrefu.

"Paka majivu," alisema hatimaye. "Maji yanazidisha."

"Upupu huu ni wa wapi, dada Scola?"

"Porini kuna upupu kila mahali."

"Nimezungumza na waliotembea nawe. Hakuna aliyewashwa. Njia ilikuwa nyeupe. Mtu mmoja tu aliiacha akapita kwenye upupu, na alikuwa na mtoto mgongoni, na alikuwa na sababu ya kutolivuka tawi." Dionisia aliikunja kanga akamkabidhi Eustakio. "Kuna mtu yuko mahabusu Ruangwa. Alasiri hii watamkata vipande kwa kosa lisilo lake."

"Simjui mtu huyo."

"Hukumfikiria?"

"Nilikuwa na mtu mmoja wa kumfikiria. Hakukuwa na nafasi ya wawili."

Dionisia aliona hapo ndipo mlango ulipoachwa wazi, lakini mwanamke yule alirudisha ungo mapajani. Kwa mambo ya mahakamani, kanga na upenyo wa kichakani vilikuwa kidogo. Wakili yeyote wa Lindi angesema kwamba mtoto alicheza porini. Alikuwapo shahidi mmoja tu aliyekuwa mgongoni mwa Scola muda wote ule, akiwa na usingizi au akijifanya ana usingizi. Dionisia alimgeukia, akachuchumaa, akamwita kwa jina.

"Felomena, njoo kwangu kidogo."

"Mtoto usimuulize," Scola alisema.

"Itabidi."

"Niulize mimi."

Mtoto alipelekwa kwa jirani, mama mtu mzima aliyeitwa Mwanamvua, aliyekuwa akichungulia juu ya ua muda wote. Scola alingoja hadi mtoto akatoka. Kisha alieleza kwa mpangilio, kama anayeelekeza mapishi. Jioni ya kuamkia safari, pale Nandagala, aliwasikia wanaume wakizungumza juu ya shimo na kwamba uzio umeng'olewa. Alfajiri alijichelewesha. Alilihamisha tawi. Alifikiri kulivuka, mguu ukakataa. Alikuwa na mtoto mgongoni, na huyo ndiye aliyebaki.

"Kwa nini uliendelea kutembea naye miaka yote?" Dionisia aliuliza. "Ungeweza kumshitaki kanisani. Ungeweza kumtukana mbele ya watu."

"Nilimwomba turudi," Scola alisema. "Kila mtu alisikia. Akaniambia kipande kikianzwa hakirudiwi. Mwanangu akapoa mgongoni mwangu. Nikaendelea kumbeba, maana hakuna aliyeniambia nimshushe. Tulipofika Ruangwa waliimba." Alichagua kijiwe kimoja katikati ya ufuta akakitupa. "Kila mwaka nilisikia fimbo yake nyuma yangu. Kwa, kwa, kwa. Nikawa nangoja kipande chenye shimo."

"Alipoanguka ulisikia?"

"Nilisikia. Aliita. Aliita majina yetu, la kwangu pia."

"Hukugeuka?"

Scola aliinua uso, na kwa mara ya kwanza mchana ule kulikuwa na kitu machoni mwake kilichofanana na shibe.

"Kipande kikianzwa hakirudiwi," alisema.

Eustakio alijikohoza mlangoni. Dionisia alimwagiza akimbie kituoni kwenye redio: Ruangwa wasimtoe Lukman, na Inspekta Abdalah apeleke askari kwenye korongo wamwambie Felisian kwamba aliyeua amekamatwa. Jina lisitajwe hadi mtuhumiwa awe ndani.

"Mtajieni," Scola alisema. "Aje. Na yeye ana haki ya kutembea kipande chake."

"Hutakuwa wewe wa kumwambia."

Alimfunga pingu mbele, si nyuma, ili aweze kujifunika kanga. Alimwonya kwa maneno yanayotakiwa na sheria, Scola akaitikia kila sentensi. Alipoulizwa nani atabaki na mtoto alisema kuna bibi yake, mama wa baba, naye yuko Naipanga. Akaomba ufuta uingizwe ndani, kuku wasiufikie. Dionisia aliuingiza mwenyewe, mkono ukimwaka moto.

Walipotoka, mtaa mzima ulikuwa umesimama nje. Hakuna aliyezomea. Felomena alikuwa ameshikiliwa na Mwanamvua, mikono ya yule mama ikiwa imemzunguka kifuani. Scola alipita mbele yao akamwambia mwanawe ale ashibe, asijikune, na amsikilize bibi. Hakumbusu, kwa sababu mikono ilikuwa imefungwa na hakutaka aione kwa karibu. Mtoto aliiona hata hivyo. Aliifuata pingu kwa macho hadi mama yake alipoingia kwenye gari la kituo lililokuwa limekuja kumchukua, mlango ukafungwa.

Dionisia alirudi kwenye pikipiki. Alikuwa akivaa kofia alipomsikia mtoto akimuuliza Mwanamvua huyu askari anaitwa nani, na Mwanamvua, kwa sauti ya kumnyamazisha, akamwambia. Mtoto alijinasua. Alikuja hadi kwenye tairi la mbele akasimama, miguu ikiwa bado na majivu, akamtazama Dionisia usoni kwa utulivu, kama mtu anayekariri sura ili asiisahau.

"Dionisia," alisema, "nikiwa mkubwa nitakutafuta."